Krismasi Ile Nyaberi Alipobeba Mtoto

Asubuhi ya Krismasi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya michai, Nyaberi alisimama mlangoni mwa nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi wa chai, mtoto mkononi, akijiona kama mtu aliyeachiwa fahali asiye na kamba.

Mtoto mwenyewe alikuwa Bosire, kifungua mimba wake. Miaka miwili alikuwa hajaitimiza, lakini miguu yake haikuwa na habari hiyo. Tangu siku aliyoacha kutambaa, hakuna aliyemwona akitembea. Alikuwa anakimbia tu. Watu wa kambi nzima, Wajaluo kwa Wakisii, walikuwa wamezoea kumrudisha kwao akiwa amenasa kwenye matope, au amekumbatia kuku wa mtu. Kwa watoto wa majirani alikuwa ameokota neno moja la Kiswahili, na kwa neno hilo aliitawala nyumba. Neno lenyewe lilikuwa "sitaki." Uji? Sitaki. Kuoga? Sitaki. Hata ndizi aliyoililia mwenyewe, alisema haitaki huku anaitafuna.

Nyaberi hakuwa mtu wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kiwandani, kutandaza majani mabichi ili yanyauke kabla ya kusagwa, na Jumapili yake ilikuwa ya kulala. Mkewe, Bonareri, ndiye aliyeshika dini. Mwaka mzima alikuwa akitoka kuchuma chai jioni, vidole vyeusi kwa utomvu, anakwenda kufundishwa habari za ubatizo. Leo ndiyo ilikuwa siku yake. Mtoto angeshikwa na jirani yao, Syprose. Hayo yalikuwa yamekwisha pangwa. Kumbe usiku wa kuamkia leo mwimbishaji wa kanisa alikaukiwa na sauti, na Syprose ndiye aliyeombwa kuimbisha badala yake.

"Shemeji, mtoto utamshika wewe," Syprose alisema, akifunga kitambaa chake kichwani.

"Mimi? Huko kanisani? Watu wataniona!"

"Watakuona ndiyo. Kwani wewe ni jini usionekane?"

Nyaberi alimgeukia mkewe apate msaada. Bonareri alikuwa amevaa gauni jeupe la kitambaa cha marekani alilolishona kwa mkono.

"Baba Bosire," alisema polepole, "sijakuomba ubatizwe. Nimekuomba umshike mtoto tu."

Nyaberi akaichukua kofia yake.

Wakaondoka. Wanawake walitangulia wakiimba, na Nyaberi akafuata nyuma yao kwenye njia nyembamba katikati ya chai, umande ukimlowesha kaptura. Siku hizo mwanamume kubeba mtoto mbele za watu lilikuwa jambo la kuchekwa, na hakufika mbali kabla ya kukutana na nyapara wao, Mogaka, mbele ya nyumba yake, akipiga mswaki kwa kijiti.

"Nyaberi! Umekuwa yaya lini?"

"Leo asubuhi," Nyaberi alijibu bila kusimama. Nyuma yake alimsikia Mogaka akicheka hadi akapaliwa.

Kanisa lilikuwa jengo la udongo lenye paa la nyasi, na mabenchi yake yalikuwa magogo yaliyopasuliwa katikati. Siku hiyo lilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Padri Alfayo, mzee wa kutoka upande wa ziwani, alikuwa amefika jana yake kwa baiskeli. Aliogopwa kwa sauti yake nzito na kwa macho yake yaliyokuwa hayapitwi na kitu. Nyaberi alichagua gogo la mwisho kabisa, karibu na mlango, ili mambo yakiharibika asihitaji kuaga.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Wimbo ulipoanza, Bosire alisimama juu ya mapaja ya baba yake naye akaimba, maneno yake mwenyewe, kwa nguvu zake zote. Shida ni kwamba wimbo ulipokwisha yeye alikuwa bado ana beti nyingine. Nyaberi akamziba mdomo, akaumwa kidole. Akampa kiazi kitamu. Bosire alikimega, akakitazama, kisha akakibandika juu ya upara wa mzee aliyekaa mbele yao. Mzee akakitoa taratibu, akageuka, akamrudishia Nyaberi. Nyaberi alitamani sakafu impasukie.

"Tufumbe macho, tuombe," padri akasema.

Nyaberi alifumba kweli kweli. Hakujua kama watu wa kanisa huchungulia. Tena sala ile ilimgusa: padri alikuwa akiwaombea walio mbali na kwao, wanaokula sikukuu ugenini, naye akamkumbuka mama yake kule Kisii. Alipofumbua macho, mapaja yake yalikuwa matupu.

Alitazama mlangoni: hayupo. Akainama chini ya gogo, na katika msitu wa miguu mitupu akauona mgongo mdogo ukitambaa kwa kasi kuelekea mbele. Mama mmoja akaruka akipiga kelele kwamba amekanyagwa na paka. Mwingine akavuta sketi yake. Ungeweza kufuata safari ya Bosire kwa jinsi watu walivyokuwa wakishtuka, safu baada ya safu.

Nyaberi aliwaza: nikikaa, atafika mbele aiharibu siku ya mama yake. Nikienda, kanisa zima litanitazama. Akasimama. Akapita katikati ya kanisa kwa hatua ndefu, mtu mzima mwenye mabega mapana, kofia mkononi, jasho likimtiririka kama yuko chumba cha moto kiwandani.

Mbele, wabatizwa walikuwa wamejipanga mbele ya beseni la maji. Padri Alfayo aliinua mkono, akauliza kwa ile sauti yake nzito:

"Je, mwamtaka tena Ibilisi na mambo yake yote?"

Kabla hawajafungua midomo, kutoka chini ya gogo la kwanza sauti nyembamba ikajibu:

"Sitaki!"

Kanisa zima likaligeukia gogo hilo. Bosire akajitokeza, nywele zimejaa vumbi, akaona watu wote wanamtazama, akafurahi. "Sitaki! Sitaki!" akarudia, akipiga mguu chini.

Nyaberi alimdaka, akasubiri kufukuzwa. Padri alimtazama mtoto, akamtazama baba. Mabega yake yakaanza kutikisika, na baadaye kicheko kikamtoka, kikubwa, cha kutoka tumboni, na kanisa zima likafuata hadi vumbi la paa likaanguka.

"Mmesikia?" padri alisema, akijifuta macho kwa joho. "Huyu hata hakufikiri mara mbili. Haya, na ninyi jibuni hivyo hivyo."

"Hatumtaki!" wabatizwa wakaitikia, na swali lile halijawahi kujibiwa kwa moyo kama siku ile.

Nyaberi alitaka kurudi nyuma, lakini padri alimwashiria abaki pale pale. Ndivyo alivyojikuta bega kwa bega na mkewe maji yalipomwagwa kichwani mwa Bonareri, naye akapewa jina la ubatizo, Yunia. Matone yalimwangukia Bosire naye, akashangaa, akanyamaza. Bonareri alimgeukia mumewe, maji na machozi yamechanganyika usoni, akicheka. Nyaberi alimpangusa shavu kwa kofia yake, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemcheka.

Mchana walikula pamoja nje, chini ya mikaratusi: nyama ya ng'ombe aliyechinjwa kwa ajili ya sikukuu, ugali wa wimbi, na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Chakula kilipopakuliwa, Bosire alikuwa ameshalala fofofo begani kwa baba yake, mdomo wazi.

"Nipe mimi, shemeji, ule vizuri," Syprose alisema, sauti yake imekauka kwa kuimba. "Mkono huo si umekufa ganzi?"

"Umekufa," Nyaberi alikubali, akichovya tonge kwa mkono uliobaki. "Lakini mwache hapo hapo. Ukimgusa ataamka, na mimi bado nina nyama."