Stendi Kubwa Iliyoachwa Lisekese

Msimu ule korosho zilipata bei, na wanunuzi binafsi walikuwa wakipishana vijijini na mizani zao. Ndipo Jafari wa Makote na kaka yake Mahmudu wa Lisekese walipochanga wakanunua pikipiki. Ilikuwa mali ya shirika lililofungwa, ikauzwa mnadani Masasi pamoja na meza na makabati. Nyekundu, tangi limebonyea upande mmoja, lakini injini nzima. Ndugu hao wakapatana kwamba kuanzia Jumamosi hadi Jumanne itakaa juu Newala kwa Jafari, na siku zilizobaki itakaa chini Masasi kwa Mahmudu. Wake zao wote wawili walikuwepo wakati wa kupatana, na hakuna aliyeona tatizo.

Tatizo lilikuja mwezi wa tatu, kwa sababu ya stendi.

Pikipiki ilikuja na stendi mbili. Ile ndogo ya pembeni ina mguu mmoja, na pikipiki huilalia kama mtu aliyeegemea mlango. Ile kubwa ya kati ina miguu miwili. Ukiikanyaga huku ukivuta keria, pikipiki inapanda na kusimama wima, hata ukiipakia magunia haitikisiki. Jumamosi moja pikipiki ilipanda kutoka Masasi ikiwa na ile ndogo peke yake.

"Stendi kubwa iko wapi?" Shakila, mke wa Jafari, aliuliza.

"Kaka ameitoa."

"Kwa nini?"

"Anasema pikipiki haina haja ya stendi mbili. Inaongezewa uzito wa bure."

Shakila akatazama chini. Uwanja wa Mahmudu kule Lisekese ulikuwa wa saruji, alioumwaga baada ya mavuno mazuri. Uwanja wa Makote ulikuwa mchanga, njia ya shamba mchanga, mbele ya msikiti mchanga. Mguu ule mmoja ulikuwa ukizama humo taratibu, na pikipiki nayo inainama, inainama, hadi ilale. Jafari akatafuta kipande cha ubao cha kuuwekea chini. Ubao ulisaidia pikipiki ikiwa tupu. Ikiwa na mzigo, lazima mtu aishike.

Mtu huyo alikuwa Shakila. Yalipofika majira ya kupulizia mikorosho, kulikuwa na magunia ya salfa ya kupeleka shamba, na kwa kuwa mvua zilikwisha na birika la kukingia mvua nyumbani lilibaki na tope tu, kulikuwa na madumu ya maji ya kufuata bombani Newala. Kila upakiaji, Shakila husimama ameshika usukani, kiuno amekikaza, huku Jafari akifunga upande huu, halafu ule. Akiishiwa kamba huenda kutafuta nyingine. Akienda kutafuta hukutana na mtu, na wakikutana huzungumza ni mizani ya mnunuzi gani inayoiba. Shakila husikia harufu ya ugali unaoungua jikoni, na hawezi kuachia.

"Mwambie kaka yako airudishe stendi," alikuwa akimwambia.

"Nitamwambia."

Kila Jumanne jioni Jafari alishusha pikipiki Masasi, na kila Jumatano akirudi kwa gari la abiria Shakila alimuuliza.

"Umemwambia?"

"Nilimkuta anakula."

Wiki iliyofuata: "Alikuwa na wageni."

Nyingine: "Nimemgusia."

Mwezi wa saba Jafari alirudi na maneno mapya kabisa. "Kwa kweli, ukifikiria sana," akasema huku akivua viatu, "pikipiki nyepesi inakula mafuta kidogo." Shakila alikuwa anapepeta mtama. Akaweka ungo chini, akatoka nje, akazunguka nyumba mara mbili kabla hajarudi kuendelea.

Basi ikafika Jumapili moja ya mwezi wa nane. Tangu alfajiri Shakila alikuwa kwenye foleni bombani, na maji yalifunguliwa jua limeshakuwa kali. Wakapata madumu manne. Wakayafunga, Jafari akaendesha polepole, Shakila akitembea nyuma na ndoo kichwani. Alipofika nyumbani alimkuta mumewe bado amekaa juu ya pikipiki, miguu yote miwili chini, anamsubiri. Shakila akatua ndoo, akaja kushika usukani. Jafari akashuka, akausogeza ubao chini ya stendi kwa mguu.

"Iachie, ukafungue mlango. Itasimama."

"Haitasimama."

"Mama Hamudi, nimekwambia itasimama."

Akaiachia. Hakufika mlangoni. Ubao ulipasuka, na alipogeuka pikipiki ilikuwa imelala, dumu moja limechanika na mawili vifuniko vimeruka. Mchanga uliyanywa maji yale kabla hajainama. Mkono wa klachi ulikuwa umekatika, na petroli ikitiririka kutoka kwenye tangi.

Jafari akatazama, akasema, "Si ungeshika."

Shakila aliiinua pikipiki pamoja naye, akaliingiza ndani dumu lililopona, akapika, akala kidogo. Jumatatu asubuhi alivaa khanga zake nzuri.

"Unakwenda wapi?" Jafari akauliza.

"Lisekese."

"Kufanya nini?"

"Kusema lile ulilokuwa unaligusia."

Alipata lifti kwenye lori lililokuwa likirudi Masasi na magunia matupu. Njia nzima ya mteremko alikuwa akipanga maneno. Alipanga kuanza kwa heshima, kisha kuyataja madumu, kisha ugali uliokuwa ukiungua. Alipofika Lisekese adhuhuri, jasho na vumbi vimemtapakaa, alikuwa ameyasahau yote isipokuwa madumu.

Mahmudu alikuwa barazani, ameketi kwenye kiti. Hakuinuka.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, Mama Hamudi. Kwema huko?"

"Kwema. Nimefuata stendi."

Fatu, mke wa Mahmudu, akamletea maji ya kunywa. Mahmudu akangoja amalize.

"Stendi ipi?"

"Kubwa. Ya pikipiki."

"Jafari hajawahi kuniambia kwamba anaitaka."

Shakila akakitua kikombe. "Hajakuambia hata siku moja?"

"Siku moja aliniambia pikipiki imekuwa nyepesi. Nikajua anashukuru."

Shakila akainamisha uso, kwa sababu kama angemtazama mtu yeyote wakati huo angesema neno la kujutia. Kisha akaeleza: mchanga, salfa, foleni, dumu lililochanika. Mahmudu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema yaleyale. Stendi ni chuma. Chuma ni uzito. Pikipiki ya mlimani haitaki uzito.

"Shemeji, stendi ile ina uzito wa kuku wanne. Mnapakia magunia mawili na mtu juu yake."

"Pikipiki ina stendi. Ile ndogo inatosha."

"Inatosha kwenye saruji yako."

Kutoka ndani, sauti ya Fatu ikaja, haikuwa kubwa. "Mwambie ukweli, au nimwambie mimi."

"Fatu, nyamaza."

"Nimenyamaza tangu mwezi wa tatu."

Mzee Mahmudu akayasugua magoti yake. Kisha, bila kumtazama shemeji yake, akaeleza. Ijumaa moja alikuwa amepanda Newala kuona mtu wa korosho, akawa anateremka peke yake. Kwenye kona moja ya mteremko alilala nayo upande wa kushoto, stendi kubwa ikakwama kwenye jiwe, pikipiki ikamrusha. Alikaa kando ya njia mpaka wapita njia wawili wakaja kumwinua. Nyonga haijapona. Swala anaswalia kitini. Alipofika nyumbani aliitoa stendi usiku uleule, akamwapisha mkewe asiseme.

"Kwa nini hukutuambia?" Shakila aliuliza.

"Mtu wa miaka yangu akisema ameanguka pikipiki, kesho wanawe wanamwambia akae nyumbani."

"Hata mdogo wako ungemficha?"

"Yeye ndiye hasa. Tumenunua nusu kwa nusu."

Hasira ya Shakila haikuondoka, ila iliongezewa mwenzake. Alimwona mzee amekalia upande mmoja wa makalio, na alimwona pia yeye mwenyewe miezi mitano ameshikilia usukani mchangani, na hakujua aanze kumhurumia nani.

"Jafari alipoipitisha pikipiki kwenye kona zilezile, mbona stendi haikuwahi kugonga?" akauliza baadaye. "Au ilikuwa imeanza kuning'inia?"

Mahmudu hakujua.

"Fundi ameiona?"

Hakuna fundi aliyeiona. Stendi ilitolewa chini ya kitanda, imefungwa kwenye gunia kama kitu cha wizi. Shakila akaibeba. Mahmudu akachukua fimbo yake, wakaenda polepole mpaka kwa fundi Stefano, ambaye alikuwa na kibanda chini ya mkorosho, karibu na barabara kuu.

Stefano aliigeuza stendi mara moja tu.

"Springi ya pili iko wapi?"

"Ya pili?" Mahmudu akasema.

"Stendi kubwa inavutwa juu na springi mbili. Hapa ipo moja, nayo imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hii ilikuwa inaburuzika karibu na ardhi. Bahati haijaua mtu."

Shakila na Mahmudu hawakutazamana.

"Sasa fundi, tuamulie," Mahmudu akasema. "Pikipiki inahitaji stendi kubwa, au haihitaji?"

"Inategemea inalala wapi. Kwenye saruji bila mzigo utaishi bila hiyo. Kwenye mchanga wa Newala na magunia juu, usipokuwa nayo itabidi uwe na mtu wa kushika."

"Yupo," Shakila akasema.

Stefano akatafuta kwenye kopo lake, akatoa springi mbili ndogo, kila moja fupi kuliko kidole. Akazinyoosha ukutani mwa kibanda kuona zinavyorudi. Akawafungia kwenye karatasi pamoja na mkono mpya wa klachi. Kabla ya alasiri walikuwa wamemaliza. Shakila alirudi Lisekese na karatasi ile mkononi, na njiani alianza kucheka peke yake, kicheko ambacho hakikuwa cha furaha. Mahmudu akaongeza mwendo kadiri fimbo ilivyomruhusu.

Shakila alilala kwa Fatu. Asubuhi Mahmudu alikuwa ameshavaa. "Nitapanda nawe," akasema. "Mdogo wangu hawezi kuifunga vizuri."

Jafari alikuwa uwanjani walipofika. Alikuwa ameufunga mkono wa klachi kwa waya, na alikuwa amechota maji, ndoo mbili, kwa miguu. Akampa kaka yake shikamoo, akamtazama mkewe, akaangalia pembeni.

Walilaza pikipiki juu ya gunia, ndugu wote wawili wakajinyoosha mchangani na kuanza kubishana springi inavutwa kutoka mbele au nyuma. Shakila aliwapa waya na bisibisi. Springi ya kwanza iliponasa, Jafari akasema, "Mimi nilihisi tangu mwanzo ni springi." Mkewe alimtazama. Jafari akarudi kwenye bisibisi.

Kazi ilipokwisha, Jafari alisimama akajikung'uta. Mahmudu hakusimama. Aliweka mkono chini, akajaribu, akakaa tena.

"Kaka, nyonga imefanya nini?"

Mahmudu alimtazama Shakila. Shakila akachukua bisibisi, akaingia jikoni, akaanza kupanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa. Aliwasikia wakisema kwa sauti ya chini, kwa Kimakonde, mmoja kisha mwingine.

Jafari akaja mlangoni.

"Alianguka mwezi wa tatu," akasema. "Kumbe mimi naogopa kumuuliza stendi, na yeye..."

"Na yeye anaogopa utamwambia amezeeka."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu jana."

Jafari akashika nguzo ya mlango. "Bado una hasira?"

"Bado."

"Sana?"

"Nenda kamwinue kaka yako, Baba Hamudi. Amekaa mchangani."

Walikula pamoja. Mahmudu alisema mteremkoni hataendesha tena. Jafari ataishusha pikipiki na kuifuata mwenyewe kila wiki, na kule chini kwenye tambarare yeye Mahmudu ataendesha atakavyo. Jafari alisema ni sawa, na kwamba nusu inabaki nusu. Shakila alisema stendi hiyo mtu akiitoa tena, aitoe akiwa amekwisha mwoa mke mwingine wa kushika pikipiki. Mahmudu akacheka kidogo, tonge la ugali mdomoni.

Jioni ilikuwa zamu ya Masasi. Jafari akakaa mbele. Mahmudu, ambaye hakuwahi kubebwa na mdogo wake juu ya kitu chochote tangu wazaliwe, akapanda nyuma kwa shida, akajishika kwenye keria kwa mikono yote miwili, shingo imekakamaa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Polepole," akasema.

"Sijaondoka, kaka."

"Nakwambia mapema."

Shakila alisimama na kuwatazama mpaka wakapotea kwenye mikorosho. Aliweza kumsikia Mahmudu bado anatoa maelekezo.