Heshima ya Kutosimama

Wolfram Eschenhagen aliongoza okestra Tokyo, Milano na Buenos Aires, na kila alikokwenda alibebwa juujuu. Sisi wa nyumbani, hapa Ujerumani kando ya mto Elbe, tulimjua vizuri zaidi. Alikuwa na sikio la ajabu na mdomo mchafu. Mimi napiga besi, nyuma kabisa, na matusi yake yalinifika hata yasiyonihusu.

Alikuwa na hamu moja tu. Onyesho likiisha, mwongozaji hutuashiria tusimame, tupigiwe makofi pamoja naye. Tukikataa, tukabaki vitini tukigonga miguu sakafuni, maana yake makofi yote ni yake. Waongozaji wageni waliokaa nasi wiki moja walishapewa heshima hiyo. Yeye hakuipata hata mara moja, na sasa alikuwa anastaafu.

Katika mapumziko ya opera yake ya mwisho tulikubaliana kantini, soseji mdomoni.

"Akiinua mkono tu, wote juu," alisema Hartwig wa tarumbeta. "Mzee ataisoma namba."

"Na asiyesimama?" niliuliza.

"Huyo, Detlef, tutamstaafisha naye!"

Irmtraud Lohse, mpiga fidla kiongozi, aliendelea kula soseji yake. Asipoinuka yeye, hakuna anayeinuka. Ndiyo kawaida yetu. Lakini nani angemshuku? Eschenhagen aliwahi kumwambia mbele ya wote kwamba fidla yake inalia kama mlango wa choo.

Sehemu ya mwisho ilitoka nzuri mno, hata nikakasirika. Kisha mzee akapanda jukwaani kati ya waimbaji, akatutazama shimoni kwetu, chini mbele ya jukwaa, akainua mkono.

Irmtraud akabaki kitini. Tukamkodolea macho. Mtu mmoja akaanza kugonga mguu, na mazoea yana taabu: tukagonga wote, hata Hartwig. Mzee akafunika uso, akalia mbele ya ukumbi mzima.

Chumbani kwetu, nyuma ya jukwaa, moto ukawaka.

"Bibi Irmtraud, umetuuza!"

"Mguu ulikufa ganzi."

"Ganzi! Jioni nzima uko salama, ganzi inangoja makofi?"

"Hartwig, puliza tarumbeta yako huko, niache."

Tulipogeuka, Eschenhagen alikuwa mlangoni na maua yake, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea.

"Ni kweli, Irmtraud?" aliuliza. "Ni mguu tu?"

"Mwambie basi," Hartwig alisema.

Irmtraud alifunga sanduku la fidla, akainuka, akamwendea moja kwa moja, hachechemei hata kidogo.

"Mguu wangu ni mzima," akasema. "Nilikaa kwa sababu ya muziki wa leo. Wewe mwenyewe bado sikupendi."

Mzee alikuwa amesifiwa maisha yake yote na watu waliomwogopa. Akayaweka maua mezani polepole.

"Hiyo," akasema, "naiamini."