Mrija wa Mwisho wa Bwana Barafu

Asubuhi ile fundi wa maabara alivaa glavu nene, akafungua tangi la naitrojeni, akasubiri moshi mweupe upungue, kisha akachomoa mrija mwembamba kama unyasi. Ndani yake mlikuwa na viinitete vya panya, vya seli nane nane. Mumewe akatokea mlangoni, miguu yake ikiwa bado haijakamilika.

Mumewe alikuwa marehemu. Kazini walimwita Bwana Barafu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akivigandisha viinitete, na kila mrija alioufunga kwa mkono wake, ukiyeyushwa, na yeye alikuja. Alikaa mpaka viinitete vianze kugawanyika, akaondoka. Vile ambavyo havijagandishwa hugawanyika upesi. Vilivyogandishwa huchelewa, kama mtu aliyeamshwa ghafla asikumbuke alikuwa anakwenda wapi. Kuchelewa huko ndiko walikokuchunguza pale maabara, na ndimo alimoishi mumewe.

Wenzao walishazoea. Mfagizi alimwamkia na kufagia kuzunguka viatu vyake.

Huu ulikuwa mrija wa mwisho. Mke aliushika hewani, hakuutia kwenye maji ya uvuguvugu. Alitaka uyeyuke taratibu, viinitete vichelewe zaidi.

"Mama watoto, tumbukiza," mumewe alisema. "Barafu itazichana hizo seli. Unaua watoto wa watu."

"Ni wa mwisho huu."

"Najua. Tumbukiza."

Akautumbukiza. Miguu ya mumewe ikakamilika, akaketi kwenye stuli.

Walikaa pamoja viinitete vikiwa kwenye kabati la joto. Mke alimweleza kwamba kitinda mimba wao ameng'oka jino na anadai arudishiwe. Mume akauliza kama mchuzi wake bado una chumvi ya kuhifadhia maiti. Mke akamjibu kwamba maiti mwenyewe hajawahi kubakiza. Alimshonea kifungo cha shati kilicholegea, akakata uzi kwa meno.

Mchana mkuu wa maabara alipita, akamsalimu marehemu kwa heshima. Marehemu akasimama, akauliza habari ya feni ya chumba cha matangi. Feni hiyo ndiyo iliyokuwa imekufa siku ile naitrojeni ilipovuja, ikafukuza hewa yote chumbani, naye akalala sakafuni bila hata kukohoa.

"Inashughulikiwa," mkuu alisema.

"Ndivyo ulivyoniambia nikiwa hai, mzee."

Mkuu akakubali kwamba ni kweli, ndivyo alivyosema. Kisha akaenda kwenye kikao.

Alasiri mke aliinamia darubini. Kiinitete kimoja kilikuwa kinajigawa, taratibu, kikiwa kizima kabisa. Hakuinua kichwa.

"Vimeanza?" mumewe aliuliza.

"Bado."

"Hujawahi kujua kudanganya, mke wangu." Alivaa kofia yake. Akaibeba stuli mpaka chumba cha matangi, akaufungua mlango wote na kuuzuia kwa stuli ili usijifunge. Aliijaribu kwa goti kuona kama imekaa vizuri. Kisha akatoka kwa mlango mwingine, ule wa wafanyakazi.

Mke alivirudisha viinitete kwenye joto. Mfagizi akaja, akauliza kama airudishe stuli mahali pake.

"Iache hapohapo," alisema.

Juu ya matangi feni ilikuwa imetulia. Buibui alikuwa amefunga utando kutoka panga moja hadi jingine, na utando huo haukutikisika.