Mkaratusi wa Mwisho Karibu na Tangi

Ukipanda mlima wetu siku hizi, getini utakutana na bango la kijani, kubwa kama mlango wa ghala. Limeandikwa vizuri, siwezi kusema uongo. Linakueleza msitu unaanzia wapi na unaishia wapi, chemchemi zinashukaje mpaka kwenye mabomba ya mji, na ndege gani utawasikia ukitembea kimya. Linakueleza kwamba kituo cha kuangalia nyota kilijengwa kileleni kwa sababu taa za mji hazifiki kule. Halafu chini kabisa, juu kidogo ya mchoro wa njia za matembezi na sehemu za kuchomea nyama, wameandika kwamba mlima huu haukuwahi kukaliwa na watu.

Mimi nimezaliwa huko. Sasa sijui mimi ni nini, labda ni nyani.

Baba yangu alikuwa fundi wa paa pale kituoni. Si paa la kuzuia mvua tu, ni lile la duara linalofunguka katikati na kuzunguka ili darubini itazame upande inaoutaka. Paa lilikaa juu ya magurudumu, na kazi ya Baba ilikuwa kuyapaka grisi na kuyasikiliza. Wataalamu walikuja na kuondoka na masanduku yao. Baba alibaki. Tuliishi kambini, safu ya nyumba za mabati nyuma ya kituo, na baridi ya huko ilikuwa haina adabu, inakuingilia mpaka kitandani.

Mama alifia kambini wakati wa mvua kubwa. Barabara ilikuwa imekatika, homa haikungoja itengenezwe. Aliyefia juu alizikwa juu, ndivyo ilivyokuwa. Mkuu wa kituo hakukataza kuzika. Alichokataza ni kaburi kuonekana. Hakutaka tuta wala jiwe wala alama yoyote, kwa sababu wageni wake walipanda mlima kutazama nyota, si kutazama wafu wa wafanyakazi. Mungu nisamehe, huyo mzee nimemlaani mara nyingi.

Basi wanaume wa kambi wakabuni njia yao. Walizika, wakasawazisha udongo, na juu yake wakapanda mche wa mkaratusi. Wakaipanda miti hiyo katika mstari mmoja, nyuma ya tangi la maji. Mgeni akipita aliona miti ya kukinga upepo, akasema hawa watu wana bidii. Sisi tulijua kila mti ni wa nani. Wa Mama ulikuwa wa mwisho, karibu kabisa na tangi, na Baba hakupita pale bila kuugusa.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa bado ananyonya. Shangazi akamchukua, akamlea mjini, akamsomesha mpaka chuo cha misitu. Alirudi na buti, kofia na maneno mazito, tukambandika jina la Bwana Miti. Kaburi la mama yake alilijua kwa kusikia tu, kwamba liko juu, chini ya mti. Kila mwaka Baba na mimi tulipokwenda kufagia majani pale tulimwita. Mara ana mtihani, mara ana mkutano, mara rafiki yake anaoa. Na sisi hatukumkazania. Makaburi yetu hayakuwa ya kupigiwa tarumbeta, tulikuwa tumezoea kuyanyamazia hata ndani ya nyumba.

Baadaye kambi ikavunjwa, tukashushwa mjini, na mlima ukafanywa hifadhi na mahali pa mapumziko. Bwana Miti akaajiriwa huko huko. Alipewa kikosi cha watu na kazi ya kurudisha msitu wa asili, yaani kukata miti yote ya kigeni na kupanda ile ya zamani. Tulifurahi, jamani. Mtoto wa kambi amekuwa bwana mkubwa mlimani. Magoti ya Baba yalikuwa yameshakataa kupanda, kwa hiyo tukasema afadhali, sasa Mama ana mtu wake wa karibu.

Kila alipokuja nyumbani, kabla hajakaa vizuri, Baba alikuwa anamuuliza mti wa mama yako unaendeleaje. Naye anajibu unaendelea vizuri, Baba. Umenenepa. Ndege wamejenga. Upepo wa juzi uliuvunja tawi moja tu. Baba anatabasamu, ananigeukia, ananiambia umesikia? Mimi niko kwenye cherehani yangu, nasikia. Namwona ndugu yangu anavyopiga chai mafunda makubwa, nafikiri ana njaa.

Halafu Baba akaugua kifua. Daktari alimweleza ukweli, na Baba akaupokea kama mtu anayeambiwa gari limekaribia kuondoka. Hakutaka kitu kingine. Alitaka alale karibu na mkewe, na alitaka kwenda kupaona kwanza. Hifadhi ilikuwa na kanuni moja inayotufaa: mwenye kaburi la mwenzi wake wa ndoa au la mzazi mlimani aliruhusiwa kuzikwa pembeni yake. Watu wa upande wa pili wa mlima walishaitumia. Kilichohitajika ni kumwonyesha mhifadhi mkuu kaburi lenyewe.

Nilimwambia Bwana Miti atupeleke. Akaanza kunipiga chenga. Barabara mbaya, gari la kazi bovu, Baba ataumia njiani, mhifadhi mkuu amesafiri. Nikamwambia, basi nitakodi gari mwenyewe, nawe utatukuta huko huko au usitukute. Akanywea. Jumapili iliyofuata akaja kutuchukua, amevaa sare yake ya kazi.

Baba alivaa koti lake la kituoni. Njia nzima alikuwa anasimulia, pale tuliegemeza lori lilipokatika breki, pale mama yenu alipenda kuchuma uyoga. Tulipofika juu, kile kituo kilikuwa palepale, cheupe, paa lake limefungwa. Lakini mbele na nyuma yake palikuwa pamechangamka. Magari yamepaki, watoto wanakimbizana, muziki, moshi wa nyama. Nilimshika Baba mkono, tukazunguka nyuma, taratibu, kuelekea kwenye tangi.

Tangi lilikuwepo. Kando yake palikuwa na uwanja wa nyasi, umekatwa vizuri, na mabenchi ya zege, na majiko ya kuchomea nyama. Mwanamke mmoja alikuwa ametandika kanga anamlisha mtoto wake tikiti maji. Mkaratusi, hata wa dawa, hapakuwa na hata mmoja.

Baba alisimama. Akatazama tangi, akatazama kituo, akarudi kutazama tangi. Nadhani alidhani ni macho yake. Akauliza kwa upole, kama anayeogopa kumwaibisha mtu, mbona miti haionekani.

Nilimgeukia ndugu yangu, na kabla hajafungua mdomo nilijua. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya huyu ilikuwa imetuzungusha miaka.

"Ni mimi, Baba," alisema. "Niliikata mimi. Sikujua."

Akaeleza huku ametazama buti zake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mikaratusi inakausha chemchemi, ikabidi yote iondoke, na ule mstari wa nyuma ya tangi ulikuwa wa kwanza kwa sababu gari lilifika kwa urahisi. Aliipaka rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe, mti kwa mti. Baada ya kukata wakavinyunyizia visiki dawa visichipue, wakamwaga kifusi, wakapanda nyasi. Wiki ileile alipokuja nyumbani, ndipo Baba kwa mara ya kwanza akamtajia tangi. Akauliza, ule mkaratusi wa mama yako, wa mwisho karibu na tangi, unaendeleaje? Na yeye akajibu unaendelea vizuri.

Nilimpasha. Sitarudia hapa niliyomwambia, yule mwanamke wa tikiti maji alimziba mtoto wake masikio. Baba ndiye aliyeninyamazisha. Alikuwa amekaa kwenye benchi la zege, anapitisha kiganja juu yake.

"Tuliyaficha makaburi ili wasijue," alisema. "Tukayaficha vizuri mno. Mpaka na huyu hakujua."

Nikasema haidhuru, twende kwa mhifadhi mkuu, yupo, ofisi yake iko wazi. Maji yamemwagika, sawa, lakini mahali panajulikana. Bwana Miti atasema alichokata, tutapima kutoka kwenye tangi, na Baba atapata nafasi yake. Niliona jambo jepesi kabisa. Ndugu yangu akanitazama kama ninayemtuma kwenye moto.

Mhifadhi mkuu alikuwa mwanamke mstaarabu, alimpa Baba kiti chake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hili ni zito. Uwanja ule ulijengwa baada ya kuhakikishiwa kwamba hapakuwa na kaburi hata moja, na aliyetembea eneo lote na kuwahakikishia ni huyu hapa. Kama palikuwa na makaburi na yakafunikwa, aliyehusika hawezi kubaki kazini hata siku moja, na nyumba ya kazi anayokaa na wanawe atairudisha. Hakutisha. Alisema tu kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Akamgeukia ndugu yangu. "Wewe ndiye uliyepita pale. Palikuwa na makaburi, au hapakuwa?"

Alikuwa na nafasi, wallahi alikuwa nayo. Neno moja tu. Angemwaga unga, ndiyo, angelala kwangu na watoto wake, wangebanana na vitambaa vyangu. Nilimtazama mpaka macho yakaniuma. Yeye alikuwa amekaza macho kwenye kofia yake, anaizungusha mikononi, anaizungusha, na mdomo wake umefunga.

Nikafungua wangu. Hapo Baba akanishika mkono chini ya meza, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Mama," alimwambia mhifadhi mkuu, "usimsumbue kijana. Mimi ni mzee, nimechanganya. Inawezekana tulizika mahali pengine."

Mhifadhi mkuu alimtazama yeye, akamtazama na ndugu yangu. Nadhani alielewa, lakini kuelewa si kazi yake. Akasema pole mzee, akatusindikiza mpaka mlangoni.

Nje nilimuuliza Baba kwa nini. Nililia mbele ya watu, sikujali. Akasema aliyelala ameshalala, huyu bado ana watoto. Akaomba tumpitishe pale uwanjani tena, na alipofika akainama kwa shida yote ile, magoti yakilia, akayagusa majani yaliyo karibu na tangi. Bwana Miti alikuwa ameshaingia garini. Aliwasha injini, akatungoja.

Baba hakumaliza mwezi. Tulimzika kwenye makaburi ya mji, katikati ya watu asiowajua, karibu na ukuta wa gereji. Msibani hakuna aliyelia kuliko Bwana Miti. Alishikwa na watu wawili, akaletewa maji, wakamwambia jikaze, wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi na macho yangu makavu, na najua walinisema.

Baada ya matanga alinijia kaburini. Alikuwa na mche ndani ya mkebe, amefunika kwa koti kama mwizi, kwa sababu mikaratusi wao wenyewe wa hifadhi wameipiga marufuku. Akasema, dada, tumpandie Baba, kama walivyofanya wao. Akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mkono.

Nikamuuliza, "Na huu utaukata lini?"

Aliacha kuchimba. Alibaki amepiga magoti, udongo kwenye kucha, na mara hii hakuwa na watu wa kumshika. Niliuchukua ule mkebe, nikaenda nao nyumbani. Uko barazani karibu na cherehani, naumwagia maji kila asubuhi, na yeye akipiga simu sipokei.