Lugha ya Watu Wawili

Anko Sylus alizaliwa kiziwi, lakini usimwonee huruma haraka. Alikuwa na mdomo kuliko mimi, na mimi ndiye niliyefukuzwa kwaya kwa kupiga domo. Mdomo wake ulikuwa mikononi tu. Yeye na nyanya, mama yake, walikuwa wakikaa jikoni kwetu Chawia wakisengenya kijiji kizima bila kutoa sauti. Pasta alikuwa tumbo linalotangulia mlangoni. Mama yangu, Everlyne, aliyeolewa Voi, alikuwa mkoba unaopandishwa begani kwa maringo. Mimi, Danson, nilikuwa vidole vinavyofunguka na kufungika kama mdomo wa bata.

Hakuna shule iliyowafundisha. Ishara hizo walizitunga wenyewe tangu anko akiwa mtoto, shambani wakichuma maharagwe, na sisi wengine hatukusumbuka kujifunza. Ya nini? Ukitaka kitu unaita tu, "Mama, hebu mwambie Sylus alete kuni," na nyanya anageuka anamwambia. Mimi nilijua chache, zote za kutania watu.

Nyanya alipofariki, mama alijipanga kweli. Hema, spika, hadi mkalimani wa lugha ya ishara kutoka Voi, kijana wa shati jeupe anaitwa Mutinda.

"Sylus hatasimama hapo kama gogo," mama alisema. "Atamuaga mama yake, na watu watamsikia."

Kwetu, kabla ya jeneza kushuka, kila mtoto wa marehemu husimama akasema lake. Anko alilijua hilo vizuri. Siku ya mazishi ya babu alisema, nyanya akawa sauti yake, na wazee wazima walilia. Sasa asubuhi yote alikuwa nyuma ya zizi la mbuzi akifanya mazoezi, suti ya babu ikimpwaya.

Zamu yake ikafika. Akasimama kando ya jeneza, akaanza. Mikono ikaenda kifuani, ikapanda kichwani, ikachimba, ikabeba kitu, ikakifunika polepole. Mutinda alikuwa ameshika maikrofoni, jasho linamtiririka.

"Anasema nini?" mama akanong'ona. Spika ikaupeleka mnong'ono wake hadi kwa majirani.

"Madam, sijui."

"Hujui vipi na wewe ndiye mtu wa ishara?"

"Mimi nimesomea ya Kenya. Uganda wana yao, Wamarekani wana yao. Hii sijawahi kuiona popote. Hii ni ya hapa kwenu." Akatugeukia. "Nani mwingine anaielewa?"

Na sisi, watoto na wajukuu, tukageuka sote kwa mpigo, kama tulivyozoea maisha yetu yote. Tukaliangalia jeneza.

Anko aliyaona macho yetu. Akaangalia mdomo wa Mutinda, ukawa hausogei. Akaanza tena kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayefundisha watoto wa chekechea. Kifuani. Kichwani. Akachimba.

"Basi tuseme anamuaga mama," akasema mwenye kuongoza shughuli, akitazama mawingu. "Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Wimbo ukapandishwa. Jeneza lilishuka anko akiwa bado katikati ya maneno yake.

Kesho yake nilimpelekea chai jikoni. Sikujua la kufanya, nikafanya ninachojua: nikamfanyia pasta. Akaitazama ile ishara, akaushika mkono wangu akaushusha kidogo, tumbo likakaa mahali pake. Nyanya alikuwa akinirekebisha hivyo hivyo. Nikapata moyo. Nikaonyesha kaburi kupitia mlangoni, nikamfungulia viganja: niambie mimi.

Akaweka kikombe chini. Kifuani. Kichwani. Akachimba, akabeba, kisha akasita, akinisoma usoni. Nilitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, endelea, machozi yakinitoka kama mpumbavu. Lakini yeye amesoma nyuso tangu azaliwe. Aliona sijaelewa hata moja.

Akaingiza mikono kwenye mifuko ya koti la babu.

Mama hunipigia simu kutoka Voi kila Jumapili. "Sylus anasemaje?"

Zamani ningemjibu kwa utani. Siku hizi namwambia tu ukweli, kwamba tangu siku ile hajatoa mikono mifukoni ila kwa kula na kulima.