Samaki wa Mlingotini

Mimi Swaumu binti Kibwana, mzaliwa wa Mlingotini, nimekulia ufukweni, na sijui kuogelea. Usinicheke. Wanawake wa kwetu tunalima mwani. Maji yakitoka tunaingia, tunafunga kamba zetu bahari ikiwa magotini, na maji yakianza kujaa tunarudi majumbani kupika. Kuogelea ni mambo ya wavulana. Msichana akionekana anapiga mbizi, mama yake ataulizwa kama mtoto amemshinda. Sasa ningejifunzia wapi?

Lakini watu wa bara wanadhani sisi wa pwani tumezaliwa na mapezi.

Tulikuwa kambini, vijana thelathini tuliobaki katika mchujo wa kuwa maofisa wa jeshi la majini. Nilishapita kidato cha sita, nikapita mafunzo ya JKT, nikapita usaili, na madaktari wakanikagua mpaka meno. Lilibaki jaribio moja tu: kuruka kutoka gatini na kuogelea mita hamsini mpaka kwenye boti. Ukifaulu, Jumatatu unapanda basi la kwenda chuo cha maofisa, na ukimaliza huko unavishwa nyota, unaanza kusomea kuongoza meli. Ukishindwa, unarudi kwenu. Na mimi mwakani nitakuwa nimezidi umri unaotakiwa. Tangu nikiwa mdogo, nikinyoosha mgongo kwenye mwani, nilikuwa nazitazama boti za doria zikipita kule nje, na sikutaka kingine duniani.

Siku ya Jumatano mkufunzi wetu, Sajenti Yahya, alitupanga mstari akasema wasiojua kuogelea wapige hatua moja mbele. Alisema hakuna aibu, watafundishwa wiki mbili kisha wataondoka na basi la pili. Ila mtu akisema anajua kumbe hajui, huyo ni mwongo, na atafungasha siku hiyo hiyo. Wakatoka wa Tabora, wa Singida, wa Dodoma. Wallahi mguu wangu ulinyanyuka. Sajenti akanitazama, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mlingotini. Akacheka, akasema basi wewe ni samaki, akaniwekea alama ya vema kwenye orodha. Mguu ukarudi ulipotoka.

Pale ndipo ningesema, na sikusema. Mtoto wa Mlingotini nikafundishwe maji pamoja na watu ambao bahari wameiona juzi? Kiburi kikanishika. Nikaamua kufa na tai shingoni.

Kuanzia siku ile chakula hakikunishuka. Nikifumba macho naona maji yananifunika. Alhamisi baada ya swala ya alasiri nilimpigia mama, nikamweleza yote. Akaniambia nikaseme sasa hivi. Nikamwambia watanicheka. Akasema bora wakucheke ukiwa hai, akakata simu. Nikakaa na simu mkononi, nisiende popote.

Na kama hilo halitoshi, nilikuwa na Mwanvita. Huyu alitoka Urambo, kitanda chake kilikuwa juu ya changu, na alikuwa kwenye kundi la wanaofundishwa. Jioni ile ile alirudi amelowa, macho mekundu kwa chumvi, akaniomba nimpe siri ya kuogelea. Badala ya kunyamaza, mimi nikajifanya bingwa. Nikamwambia maji ya chumvi hayamzamishi mtu, atulie tu, ainue kidevu, bahari yenyewe itambeba. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo inavyoonekana ukiwa umesimama kwenye maji ya magoti. Akanishukuru kwa moyo mmoja, maskini.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukapangwa gatini. Mbele yangu nikamkuta Mwanvita, na fulana yake ya mazoezi, anatabasamu. Kumbe alikwenda kumwambia Sajenti kwamba ameshaiva, hangoji wiki mbili. Akaninong'oneza kwamba anataka tupande basi moja mimi na yeye.

Nilichungulia chini. Maji yalikuwa kijani kibichi, kisha meusi, na chini hakuonekani. Boti ilikuwa mbali kule, na askari wawili ndani yake. Nilihesabu ingewachukua muda gani kunifikia. Kisha nikahesabu ingewachukua muda gani kumfikia Mwanvita, na hapo hofu yangu ikageuka ikawa nyingine kabisa, mbaya zaidi.

Wa kwanza alikuwa Ashrafu, kijana wa Bagamoyo mjini. Aliruka, akaibuka, akaenda zake kama mtu anayetembea sokoni. Sajenti akaita, "Anayefuata." Mwanvita akasogea ukingoni. Akainua kidevu, vilevile nilivyomwelekeza.

Filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwa Sajenti. Nikamrukia Mwanvita, nikamkamata ukosi wa fulana kwa mikono miwili, nikamvuta nyuma tukaanguka wote kwenye mbao. Sajenti akafoka kuniuliza nina wazimu.

"Asiruke, Afande," nilisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi sijui kuogelea."

Nilingoja wacheke, hakuna aliyecheka. Sajenti Yahya alinitazama, kisha akamtazama Mwanvita aliyekuwa bado amekaa chini. Akatoa kalamu, akaikata ile alama aliyoniwekea mwenyewe. Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliniumiza, kwamba alikosea kuniandika kabla sijajibu, lakini kufunga mdomo siku tatu lilikuwa kosa langu. Nikafungashe, na Mwanvita arudi kwenye kundi lake la wanaofundishwa.

Mwanvita alinisindikiza mpaka getini, amenibebea begi. Njia nzima hakusema neno, nami nikadhani amenisamehe. Tulipofika akasimama.

"Tangu Alhamisi ulikuwa unajua," alisema. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Niliogopa."

"Mimi nilikuwa naogopa kuliko wewe, Swaumu. Nilikwenda pale ukingoni kwa sababu ulisema unajua."

Aliliweka begi langu chini taratibu, akarudi ndani, kwa sababu kipindi chake cha kuogelea kilikuwa saa nne.