Mpira Niliompa Rhona

Mimi, Ishbel Geddes, mdomo wangu huwa unaitangulia akili, na Jumanne ile uliitangulia mbali sana.

Ilikuwa fainali ya kikombe cha gofu cha akina mama wa klabu yetu, mimi na Rhona Petrie. Tumekigombania tangu watoto wetu wakisukumwa kwenye vigari, na mara nyingi amenichapa bila huruma. Lakini majira ya baridi yaliyopita alipigwa na kiharusi, na sasa mkono wake wa kulia unatetemeka hata akishika kijiko. Hakuna aliyetegemea kumwona fainali. Akafika.

Kikombe hiki tunakicheza shimo kwa shimo: anayeutia mpira kwa mikwaju michache ndiye aliyelichukua shimo hilo, kisha mnasahau yote, mnaanza upya kwenye linalofuata. Na mpira wa mwenzako ukikaribia sana shimo, unamwambia, "Chukua, nimekupa," unahesabiwa kama umeingia. Ni ustaarabu tu, watu hupeana mipira ya shibiri moja, shibiri mbili.

Mimi siku ile niligawa kama pilau ya harusi. Nikiuona tu ule mkono unaanza kutikisika juu ya fimbo, moyo unaniuma, naropoka, "Chukua, Rhona!" Mwanzoni alishukuru. Baadaye akaanza kunitazama vibaya.

"We Ishbel, leo umeamka mtakatifu?"

"Si uko karibu, jamani?"

"Karibu na nini? Na bahari?"

Nikacheka. Na niseme ukweli, nilijua wenzetu wanatutazama kutoka madirisha ya klabu, na nilipenda waone nilivyo na roho nzuri.

Tukafika shimo la mwisho tuko sare. Mimi nililimaliza kwa mikwaju mitano. Rhona alikuwa amepiga mitatu. Akiutia huu wa nne, kikombe chake. Lakini ulikuwa umbali wa hatua tatu nzima, tena mteremko. Akainama, akavuta pumzi, akatulia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ule mkono.

"Chukua, nimekupa!"

Hakuinuka mara moja. "Umesema nini?"

"Kikombe chako, shoga. Hongera!"

"Nataka kuupiga."

"Lakini nimeshakupa."

Na mpira ukishapewa huwezi kuukataa. Mchezo umekwisha pale pale. Hata ukiupiga unajichezea tu. Sheria hiyo Rhona anaijua kuliko mimi. Akaja kunipa mkono, kama ilivyo desturi, nao ukatetemeka ndani ya wangu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Tangu nitoke hospitali naupigia mazoezi mpira kama huo," akasema taratibu. "Ungeniacha nikose, Ishbel. Ungeniacha tu nikose."

Kule madirishani wakapiga makofi. Aibu ilinipanda kutoka miguuni hadi masikioni, na makofi hayaishi.

Siku zilizofuata hakupokea simu zangu. Jumamosi nikamkuta mbele ya klabu, begi la fimbo mgongoni. Yalikuwa mashindano ya kila mwezi, yale ya kuhesabu mikwaju yote tangu shimo la kwanza hadi la mwisho. Huko hakuna kupeana. Mpira hata ukae mdomoni mwa shimo, lazima uutie mwenyewe, na kila mchezaji anaandikiwa na mwenzake.

"Wewe utaniandikia," akasema, bila hata salamu.

Nikamwandikia. Mungu wangu! Nane, tisa, nane. Kwenye shimo moja mpira ulitumbukia kwenye mtego wa mchanga, akauchapa mchanga mpaka nikageuza uso. Mbele kidogo mpira ukasimama kidole kimoja tu kutoka shimoni, na huu mdomo wangu usiosikia ukafunguka wenyewe.

"Chu—"

"Funga bakuli lako. Hesabu."

Nikahesabu.

Tulipoingia ndani, watu walikuwa wanakunywa supu ya dengu. Lorna, katibu wetu, akaipokea kadi niliyomwandikia Rhona, akaisoma, uso ukamlainika. Akaniinamia mimi, si Rhona, ingawa Rhona alikuwa amesimama pale pale.

"Niandike tu hakumaliza, eh? Wengi wanafanya hivyo. Ya nini kumbandika ubaoni, maskini?"

Ilikuwa sauti yangu ile ile ya Jumanne, tamu kama asali. Kumbe ndivyo nilivyosikika! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

"Amemaliza," nikasema.

"Mwambie ngapi," Rhona akasema. "Kwa sauti."

Watu wakaacha supu, wakageuka.

"Mia na thelathini na moja," nikasema, macho chini. Hakuna aliyefanya vibaya kama hivyo siku ile, hakuna hata aliyekaribia.

Rhona akashusha pumzi, akavuta kiti, akakaa.

"Haya," akasema. "Sasa najua naanzia wapi. Kile kikombe ulichonipa hakikuniambia kitu."